Rasiberi Nilizozichomeka kwa Mkono Wangu

Jamani, hili nalisimulia huku nimejifunika uso na kanga, maana hapa Karatu kuna watu hadi leo tukikutana sokoni wananisalimia vizuri, wananiuliza habari za watoto, halafu naona midomo inaanza kuwachezacheza, najua tu wamekumbuka. Sikatai. Aibu ni yangu, niliipanda mwenyewe uani kwangu, nikaimwagilia maji, na ilipogoma kuzaa nikaizalisha kwa nguvu.

Mimi ni Mnyiramba, baba yangu alitoka Singida akaja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya kahawa huku, na kwenye kambi ya kahawa ndiko nilikozaliwa. Nikaolewa na Mwiraqw wa Endabash, Baba Glory, dereva wa watalii, mtu wa kushinda kreta ya Ngorongoro na wageni wake kila siku ya Mungu. Sasa mama yake, yaani mama mkwe wangu, ni mtu wa maneno machache. Siyo mkali, hapana, ila mnaweza kukaa saa nzima mnachambua maharage akasema maneno manne, na mawili katika hayo anamfukuza mbuzi. Miaka kumi na moja niko kwenye ukoo ule hakuwahi kuniomba kitu, hata chumvi, na mimi moyoni nilishajiwekea kwamba hajanikubali, kwamba ananiona mtoto wa kambi tu, mwanamke wa kununua mchicha sokoni. Baba mkwe alipofariki mwaka juzi ndiyo akazidi kunyamaza, na chakula akawa anakionjaonja tu.

Basi, rasiberi. Nina ndugu yangu wa hiari anaitwa Eliasi, mpishi kwenye hoteli moja ya watalii huko juu kwenye njia ya kwenda Ngorongoro, na hoteli yao ina bustani wanayolima haya matunda ya Wazungu, mekundu, madogo, laini kama shavu la mtoto. Siku moja akaniletea machipukizi matano kwenye gunia bichi akanipa na maelekezo: "Dada, hii ni aina inayozaa mara mbili. Fimbo, hili shina lake, ikikua inazaa kwanza pale juu kwenye ncha. Ukishachuma, kata ile ncha tu, hiyo fimbo yenyewe iache, itazaa tena huku chini. Usiiguse mpaka imalize mara ya pili." Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, huku namwangalia machoni kabisa (mtu akiitikia hivyo mjue hasikilizi).

Nikapanda kwenye uzio wa nyuma, udongo wetu mwekundu ukayapenda, zile fimbo zikapanda na miiba yake, na matunda ya kwanza yalipoiva nikajaza kikombe kimoja, nikampelekea mama mkwe Endabash. Akala moja. Akala la pili. Akala kikombe kizima, kisha akapitisha kidole ndani kufuta maji yake mekundu, akalamba, akaniangalia, akasema, "Zikizaa tena, uniite."

Mnaelewa? Uniite! Mwanamke ambaye hajaniomba chumvi miaka kumi na moja! Nilirudi Karatu naimba, nikawasimulia majirani wote, na nikasema hata mvua isiponyesha, hata tembo washuke kutoka msituni, mama yule atakula rasiberi zangu mara ya pili.

Sasa hapa ndipo akili ya kambi ilipoingia. Baada ya yale mavuno zile fimbo zikawa na sura mbaya, ncha zimekauka, majani yamepauka, nikazitazama nikamkumbuka baba yangu, ambaye maisha yake yote alikuwa akiona mbuni wa kahawa umechoka anaukata kisiki, halafu unachipua upya na unazaa kuliko mwanzo. Mimi ni binti yake. Nikachukua panga, nikakata fimbo zote mpaka chini kwenye udongo, hata moja sikubakiza, nikakusanya nikachoma moto, nikasimama na mikono kiunoni nikijisifu. Eliasi alipopita wiki mbili baadaye akasimama pale uani, akavua kofia, kama mtu aliyefika msibani.

"Dada, zile za kuzaa mara ya pili ziko wapi?"

"Nimezikata. Zitachipua."

"Kuchipua zitachipua. Ila matunda utasubiri hizo mpya zikue mpaka juu. Miezi, dada."

Kweli zikachipua, majani mazuri ya kijani, marefu ya kufika kiunoni, na tunda hata la dawa hamna. Nikawa naomba Mungu mama mkwe asahau. Hakusahau. Siku ya Jumatano simu inaita, naona jina lake (yeye hapigi simu, ni sisi tunaompigia).

"Mama Glory. Zimezaa?"

Jamani, neno lilikuwa moja tu, bado. Herufi nne. Lakini nilisikia ile sauti ilivyokuwa imechangamka kidogo, nikasikia jinsi ambavyo angesema "haya" akakata, na mimi ningebaki yule yule mtoto wa kambi aliyeua mmea. Mdomo ukajisemea wenyewe, "Zimezaa mama! Zimejaa!"

"Nakuja Jumamosi."

Baba Glory aliponipigia jioni, wakati anapandisha wageni kutoka kreta, nikamweleza. Akacheka mpaka nikawasikia Wazungu wake nao wanacheka bila kujua wanacheka nini. "Mpigie mama umwambie ulizikata, basi," akasema. Nikamjibu kwa ukali kwamba asinifundishe kuishi na mama yake, nikakata simu. Alikuwa sahihi asilimia mia, lakini nani anasikiliza mume wakati amepaniki?

Ijumaa nikamwangukia Eliasi, akanipa bakuli la rasiberi za hotelini kwao, akidhani nitamwandalia mama kwenye sahani. Hata mimi nilidhani hivyo. Ila Jumamosi asubuhi nikakaa na lile bakuli nikawaza, atataka kuziona mtini, yule ni mkulima, hawezi kula tunda bila kuona limetoka wapi. Nikageuza rasiberi moja mkononi nikaona kitu ambacho afadhali nisingekiona. Ukichuma rasiberi moyo wake mweupe unabaki mtini, tunda linatoka likiwa na shimo katikati. Na mimi nina pakiti ya vijiti vya meno kabatini.

Saa tatu asubuhi niko uani nimepiga magoti, nachoma kijiti kwenye chipukizi, navalisha rasiberi, nachoma, navalisha. Sitini na kitu. Nikarudi nyuma hatua tano nikaangalia, jamani, palipendeza! Palipendeza mpaka na mimi nikaanza kuamini. Nikapiga picha. Na kwa kuwa shetani akishakushika mkono haachii, nikaiweka ile picha status, nikaandika, "Mavuno ya pili, Mungu ni mwema."

Mama mkwe alitakiwa afike saa nne. Gari alilopanda lilipasuka tairi njiani, akafika saa nane, jua limekaa katikati ya uzio wangu, na kabla yake ndio wakawa wamefika watu wa status: jirani yangu Mama Witness, kina mama sita wa jumuiya, na nyuma yao katekista, kanzu imepigwa pasi, anasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Nikajibu "Milele amina" kwa sauti ya mgonjwa. Mama mkwe akaingia getini na kibuyu cha maziwa na kuku mwekundu amefungwa miguu, nikampa shikamoo, akasema marahaba, akamweka kuku chini karibu na uzio, akayatazama yale matunda. Akatabasamu! Mimi sijawahi kuona meno ya mama yule.

"Zimezaa kweli," akasema.

Katekista akasema jambo hili si la kupita hivi hivi, tusimame tumshukuru Mungu anayetoa mara mbili. Wote wakafumba macho isipokuwa mimi, maana nilikuwa nimeona kitu. Lile jua lilikuwa limeshazilainisha rasiberi, zinateleza kwenye vijiti. Katekista anasema "Wewe Bwana unayezalisha miti," moja ikaanguka, tap. Anasema "hata palipokauka," tap, tap. Nikaanza kuitikia amina kwa sauti kubwa kila zikianguka ili zisisikike, mpaka Mama Witness akafumbua jicho moja kuniangalia, akidhani nimeshukiwa na Roho.

Sala ikaisha. Kabla sijasema chai iko tayari, Mama Witness akanyoosha mkono akachuma moja akaitupia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Mh! Mama Glory, mbona ina mwiba ndani?"

Hapo tena nilikuwa na nafasi. Mungu alinipa nafasi ya pili, waziwazi kabisa. Nikasema, "Ndiyo aina yake hiyo. Si unaona na fimbo zina miiba? Ukiukuta wa ndani ujue imeiva vizuri."

Katekista akatikisa kichwa kwa heshima, akasema maumbile ni ya ajabu. Kina mama wakaanza kuchuma taratibu, wakitafuna kwa meno ya mbele. Na labda ningeponea hapo, wallahi ningeponea, lakini yule kuku mwekundu alikuwa ameshajifungua kamba, akaona chakula chekundu, akadonoa moja na kijiti chake. Kijiti kikamkwama mdomoni. Akapiga kelele, akakimbia uani mzima na kijiti kimekaa wima mbele ya uso, akapita katikati ya miguu ya katekista, akagonga fimbo zangu, na zile rasiberi zilizobaki zikamwagika zote kwa pamoja. Uzio ukabaki na majani na vijiti vya meno vitupu, vimesimama safu, vinawaka jua.

Mama mkwe akainama, akamkamata kuku kwa mkono mmoja, akamtoa kile kijiti, akakigeuzageuza karibu na macho. Vijiti vile vya dukani mnavijua, mwisho mmoja vina vipete vipete vya urembo. Akavipapasa kwa kidole gumba.

"Mama Glory," akasema polepole. "Mwiba huu umechongwa."

Nikakaa chini. Kwenye udongo, na kitenge changu kipya. Nikasema yote, panga, visiki vya baba yangu, simu ya Jumatano, Eliasi, yote, mbele ya katekista aliyekuwa bado na mbegu kwenye ndevu. Nikamaliza kwa kusema, "Mama, uliniomba kitu kimoja tu, na nimekiua kwa panga," na machozi yakatoka ya kweli. Nikainua macho nikaona mabega ya mama mkwe yanatikisika. Nikajua nimemuumiza, analia. Halafu sauti ikatoka, na hakikuwa kilio. Alicheka yule mama, jamani! Alicheka mpaka akamwachia kuku, akamshika Mama Witness begani ili asianguke, anasema "umechongwa," anacheka tena, na wote wakapasuka, hata katekista, aliyegeukia ukutani ili kulinda cheo. Tulichambua zile zilizoanguka, tukaziosha, zikaliwa na chai.

Wageni walipoondoka tukabaki wawili jikoni, ametaka ugali, anakula vizuri tu. Nikamwomba anisamehe. Akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake.

"Kile kitunda ni kitamu, lakini si kitu cha kunipandisha gari. Kule nyumba imekuwa kimya. Nije kwako nasema nini? Watu watasema mjane ameshindwa kukaa kwake. Nikaona tunda ni sababu nzuri. Mwaka mzima nasubiri uniite."

Jamani, ile aibu ya mchana haikuniuma hata robo ya ile ya jikoni. Miaka kumi na moja mimi nahesabu maneno yake, nasema hanitaki, kumbe na yeye yuko kule Endabash anatafuta mlango wa kuingilia. Nilimshika mkono ulio na ugali, sikujali.

Alikaa mwezi na nusu. Fimbo alizifunga yeye, panga akalificha mahali hadi leo sipajui, na zilipozaa ncha tukala wote, hotelini sikuomba tena. Na mimi nimejiapiza mambo mawili. La kwanza, nikiulizwa kitu ambacho sina nitasema sina, hata aliyeuliza awe askofu. La pili, zizae zisizae, mama yule nampigia mimi. Huwa anashtuka kwanza, anauliza kuna nini, nani anaumwa. Namwambia hakuna kitu mama, njoo tu. Halafu nasikia kule nyuma anamwambia jirani amwangalizie mbuzi.