Nirudishie Macho Tu

Siku tuliyopelekwa chuoni, hapa Rumonge, enzi za Mdachi, baba alimwambia mwalimu wa Kurani maneno ya desturi: "Wapige utakavyo, mimi nirudishie macho tu." Wanaume wakacheka. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka mitano.

Chuoni tulisoma wote kwa sauti moja, hata mwalimu asijue nani anasoma na nani anachezesha midomo. Mdogo wangu akiitwa kutoka kulia hageuki. Mwalimu akasema ana kiburi, akamchapa kila siku.

Aliyegundua ni shangazi, mkamua mawese, tena kwa mchezo. Walikuwa wakicheza mdako uani kwa kokwa za michikichi, shangazi akihesabu, mtoto akirusha na kudaka. Shangazi akikaa kulia, mtoto anapotea. Akihamia kushoto, hakosei hata moja. Sikio la kulia lilikuwa halisikii. Basi akawa anakaa kushoto na kumfundisha kwa zile kokwa, na haukupita mwezi mtoto akajua kuhesabu kuliko mimi.

Shangazi akaenda kumweleza mwalimu. Akajibiwa kwamba elimu si mdako. Wiki ile ile mwalimu alimzaba mdogo wangu kofi la sikio, lile la kushoto, na tangu siku hiyo hakusikia tena.

Baba alimchukua mtoto akaenda kulalamika, nami nikawafuata. Mwalimu alimshika mtoto kidevu, akamwinua uso.

"Uliniambia macho. Haya hapa, yote mazima."

Na baba, Mungu amsamehe maana mimi nimeshindwa, akamwambia asante.