Barua Yenye Muhuri

Chekeni tu, nitangoja mumalize, maana aibu yangu mimi iko na picha kule Ulaya.

Wakati ule wa Zaïre, kila mutu akiitwa Citoyen, nilikuwa guide wa majaribio kwa agence moja ya kutembeza watalii, mutaa wa Makiso. Citoyen Directeur, mukubwa wa agence, aliniahidi: siku hii ikipita vizuri, unapata barua ya kazi. (Bibi yangu alikuwa na mimba ya pili, donc muelewe.) Nilipewa bwana na bibi Wabelgiji, wazee, watu wa kofia na wa kubebewa valise, niwapeleke kwa gari watazame wavuvi Wagenia wakivua kwenye maporomoko, basi.

Lakini wiki iliyotangulia nilikuwa nimetembeza vijana wa sac-à-dos, muzigo wote mugongoni, wale wanaongoja bateau ya mtoni siku kumi, wanalala mutaa wa Mangobo, wanakula kila kitu. Niliwavusha kwa mutumbwi, wakapiga makofi: "Asumani, wewe ndiyo guide wa kweli! Gari ni ya wazee!" Sifa zikanipanda kichwani, ndugu zangu. Nikasema muzungu ni muzungu, wote wanatafuta hatari, nikaacha gari, nikaita mutumbwi.

Hata hatujafika mbali, mutumbwi ukayumba kidogo, yule mama akasimama wima, "Non, non!", tukapinduka wote. Alors mimi, guide, sijui kuogelea (kwetu Maniema ni porini). Nikamukamata yule mama shingo, napiga kelele: "Mama weee, nakufa, muniangalilie mutoto wangu!"

Yeye akasimama. Maji yalimufika kiunoni.

"Citoyen," akaniambia polepole, "simama."

Wagenia walicheka mpaka wakaachilia vikapu vyao vya kuvulia. Pale ukingoni, vijana wangu wa sac-à-dos walikuwa wanapiga picha, na nyuma yao Citoyen Directeur na abacost yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, amekuja kusalimia wageni.

Kijana mumoja akanipiga bega: "Si kitu, Asumani, ni aventure!" Si kitu kwake! Wale wazee wanaogopa hata jani la saladi, lakini wanasema wazi. Vijana hawaogopi mutumbwi, wanaogopa kuuziwa ndizi bei ya muzungu tu, maana mambo yakiharibika wanapanda ndege. Mimi niliazima ujasiri wao, na ndege sina.

Barua nilipewa jioni ileile: nimefukuzwa. Bibi yangu hakusoma, aliona muhuri tu, akapiga vigelegele, majirani wakatoka kunipa mukono, suruali ingali na maji. Nikawashukuru wote, mumoja-mumoja.

Mutumbwi sipandi tena, hata mama yangu akiniita ng'ambo.