Kuku Mwenye Meno

Likizo ya Desemba ilipoisha, sisi wasomaji watano tulikutana sebuleni kwangu, Mfaranyaki, kila mmoja aeleze alichosoma. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu ambaye hukohoa kwanza ndipo aseme, alisifia riwaya ya kurasa mia sita. Nikamuuliza inaishaje.

"Inaisha vizuri," akasema, akahamia kwenye chai.

Zamu yangu ilipofika niliona nisiongeze uongo juu ya uongo. Riwaya yangu nene niliibeba mpaka Lusewa kwa mama mkwe, na huko kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Nilichosoma ni kitabu cha picha cha binti yangu, kuhusu kuku anayekwenda shule. Nilikisoma kila siku, maana mama mkwe, ambaye hajui kusoma, alikipenda kumzidi mjukuu wake. Tatizo ni kwamba mchoraji alimpa kuku meno.

"Huyu aliyechora amewahi kufuga kweli?" mama mkwe aliniuliza siku ya tatu. Hakungoja jibu. Alichukua mkaa jikoni akayapaka weusi meno yote, ukurasa kwa ukurasa, binti yangu akimshikia kitabu.

Pale sebuleni nilikitoa, kikapita mkono kwa mkono. Mwenyekiti alikisoma mpaka mwisho, akicheka peke yake, kisha akakiri kwamba ile riwaya ilimpa usingizi ukurasa wa tisa. Wengine nao wakaanza kuungama kama tuko mbele ya padri. Tukakubaliana kitabu cha mwezi ujao kiwe cha picha, na mwenyekiti akaomba kisizidi kurasa ishirini.