Kampala au Bombay

Mwaka ule niliitwa na vyuo viwili vya udaktari, kimoja Kampala, kingine Bombay, nami nikawa natembea Nairobi kama mtu anayeota. Asubuhi nilishuka mjini, ukungu bado umelalia mabati, nikasimama mbele ya maduka ya Wahindi kule Bazaar nikinusa bizari. Najiambia, Bombay inanukia hivi. Jioni nikisikia filimbi ya garimoshi, moyo unahamia Kampala. Raha iliyoje kutakiwa pawili!

Vyote vilikuwa vyuo vya sifa. Mwenye duka la vitambaa aliniambia Bombay hutoka madaktari wanaofufua watu. Mwalimu wangu akasema huo ni upuuzi, hakuna kama Kampala. Mimi nilimwamini yeyote aliyesema mwisho.

Mama hakuwa na ndoto. Tulikuwa tumepanga chumba Dagoretti, naye akiuza mboga sokoni. "Enda Bombay," aliniambia, akiendelea kukata sukuma wiki. Nilishangaa. Huyu ndiye aliyelia nilipokwenda shule ya bweni, leo anitume ng'ambo?

"Mama, huko ni ng'ambo ya bahari. Hatutaonana miaka mingi."

"Wewe enda tu."

Baba ndiye aliyenieleza. Alikuwa mpishi wa Mzungu kule Kitisuru, akija nyumbani Jumapili. Mjomba wangu, ndugu ya mama wa tumbo moja, alikwenda Uganda kukata miwa, akapotelea huko, asiwe hai wala marehemu. Na mama alikuwa amesikia sokoni kwamba wanafunzi wa udaktari hujifunzia maiti zisizo na wenyewe.

"Anaogopa utamkuta mezani," baba akasema.

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka mila. Kwetu, mtoto wa dada kumwinulia mjomba mkono ni laana. Kumpasua je? Hakuna kondoo wa kutakasa jambo hilo.

Lakini hasira nilikuwa nayo, sifichi. Nikamwendea mama. "Uganda ni kubwa, mama!"

"Na dunia ni ndogo. Ukienda Kampala, mikono hiyo isiguse chakula changu tena."

Siku nyingi nilizunguka na maneno hayo, chini ya jakaranda zilizokuwa zikimwaga maua barabarani, nikipanda meli na kushuka kichwani mwangu. Kila nilipofika Bombay nilimwona mama, nywele zimeanza kuwa nyeupe, anakohoa peke yake. Kampala ningerudi kila likizo. Niliogopa kurudi daktari nikamkuta kaburini. Afadhali anikasirikie akiwa hai.

Nikachagua Kampala. Mama hakuja stesheni. Likizo za mwanzo alinipakulia chakula kwa sababu, alisema, mikono ilikuwa bado safi.

Kisha ukafika mwaka wa maiti. Wenzangu waliingia chumba kile wakikwepa nyuso za maiti. Mimi nilipita meza hadi meza nikifunua vitambaa, nikitazama wanaume midomoni. Watu wa rika la mjomba waling'olewa meno ya mbele ya chini, ndiyo desturi yetu. Wenzangu wakadhani nina bidii.

Likizo ilipofika nilimkuta mama nje ya mlango, anamenya viazi. Nilisimama mbali, mikono nyuma. Nilijua sitakaribishwa, na bado nilikuwa nimesafiri njia yote hiyo.

"Umemwona?" akauliza, hata salamu hakuna.

"Hapana, mama. Nimewaangalia wote. Hayumo."

Kisu kikasimama. Machozi yakamshuka, wala hakuyafuta.

"Basi bado anatembea," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na karai la maji. Aliniosha mikono mwenyewe, kidole kwa kidole, mpaka viwikoni.

"Keti ule," akaniambia. "Na ukirudi huko, uendelee kumwangalia."