Kidole Alichokipoteza Ghati

Msimwone Ghati wa Gorong'a ameketi kimya anaponda mawe ya dhahabu mkadhani ni mtu wa kupelekeshwa. Mkono wake wa kushoto una vidole vinne, na hicho kisichokuwepo ndicho kilichomfunza.

Alikipoteza mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu walipofurika kufuata dhahabu. Shimo la jirani lilibomoka, akakimbia na mwanawe mgongoni. Jiwe likamsaga kidole, asisikie kitu. Maumivu yalikuja alipomtua mtoto, nusura azimie. Muuguzi wa zahanati akamweleza: mwili ukishikwa na hofu kubwa hujitengenezea dawa ya kuzima maumivu, jamii ya ile kali ya sindano, ili mtu apate kujiokoa. "Lakini haitibu, mama. Inanyamazisha tu."

Basi siku Marwa, mdogo wake, alipofukuliwa kwenye kifusi, Ghati aliyakumbuka maneno hayo. Jiwe lilikuwa limemlalia tumboni, lakini Marwa alisimama, akajipangusa vumbi, akacheka. Haumwi popote, alisema. Wachimbaji wakamsifu. Heche, mwenye shimo, akasema aliyesimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho hashindwi na jiwe. Anywe uji, arudi chini.

"Harudi," Ghati alisema. "Tafuteni miti na magunia, tumbebe."

"Dada, unaniaibisha," Marwa alinong'ona. "Siumwi kweli."

"Najua husikii. Hata mimi sikusikia." Akamwonyesha ule mkono. "Lala."

Wanaume walinung'unika kwamba anamfanya mwanamume mzima mtoto. Ghati akasimama mdomoni mwa shimo, nyundo mkononi, mpaka machela ikafungwa. Hapo ndipo ninapompendea mama huyu: mwanamke mmoja mbele ya wanaume thelathini, na hakurudi nyuma hata hatua.

Nusu ya njia ya kwenda hospitali, ile dawa ya mwili ikaisha. Marwa, ambaye hakuguna hata siku ya tohara, alipiga yowe la kusikika ng'ambo ya bonde. Wabebaji wakainamisha macho. Ghati alimshika mkono na kumwambia alie tu, wanakaribia.

Bandama lilikuwa limepasuka. Daktari alimpasua jioni ileile, akapona.

Kesho yake Heche alikuja hospitali, akaketi kando ya kitanda. Akasema, "Mimi ningemrudisha chini."

"Ungemrudisha," Ghati alijibu, "na angekwenda akicheka."