Aliyesimama Mahali pa Swala

Kule kinamasini walimwita Sogea, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila aliposimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, neno la kwanza kumtoka lilikuwa hilohilo. Mama aliyebeba kuni, sogea. Mchungaji na ng'ombe wake, sogeeni. Hata mbuzi aliwahi kuambiwa asogee, na mbuzi, kama tunavyowajua mbuzi, hakusogea. Sogea alitaka pori tupu, lisilo na binadamu hata wa dawa, na pori hilo ndilo lililomlisha. Kalenda zake zilining'inia benki na hospitalini, na watu waliochoka na foleni walizitazama wakashusha pumzi.

Tusimseme sana. Alikuwa mtu mwema mwenye kichwa kigumu, na aliyoyapata huko hakuyaona kuwa haki yake. Siku ya kwanza alifika amevaa viatu vyeupe vya mjini. Mfugaji mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe aliviangalia vile viatu, akacheka mpaka akaegemea fimbo, kisha akajitolea kumwongoza. Akamwongoza miaka kumi na tisa. Ndiye aliyemfundisha kukanyaga pale mafunjo yalipoota kwa kubanana, kunyamaza ndege wanaponyamaza, na kukaa upande ambao upepo hautampelekea swala habari zake. Sogea alilala kwa mfugaji huyo, akala kwake, watoto wa nyumba ile wakamwita baba mdogo. Nyuma ya kila picha yake nzuri kulikuwa na kidole cha mfugaji kilichonyooka kuonyesha pale.

"Macho ni yake," alizoea kumwambia mkewe. "Mimi nabonyeza tu."

Kisha mfugaji akaugua kifua, hakuchukua muda, akafariki. Sogea alikwenda kuzika na alilia bila kumwonea mtu aibu. Mwezi wa pili baada ya mazishi, saa nne asubuhi, alikuwa mezani akifuta lenzi vumbi, mara simu ikaita. Alikuwa mjane wa mfugaji.

"Shemeji, habari za huko?"

"Njema, shemeji. Mnaendeleaje?"

"Tunasukuma siku. Shemeji, nina shida ndogo. Picha ya marehemu tunayo moja tu, ile ya kitambulisho, na pale amekodoa macho kama anaulizwa ng'ombe wa watu kawaficha wapi. Siyo yeye kabisa. Sasa mwenyewe alikuwa anatuambia kila siku kwamba huko kwako picha zake zimejaa nyumba nzima. Mimi namwambia, muongo wewe, nani aache wanyama akupige wewe? Tunacheka, yanaisha. Lakini sasa watoto wanazitaka. Hata moja tu."

"Zipo tele," Sogea akasema bila kufikiri. "Jumamosi nakuletea mwenyewe."

Alipokata simu ndipo alipojiuliza zipo wapi.

Mambo yalikuwa hivi. Kabla swala hajatoka mafichoni, ni lazima mtu asimame pale atakapotokea, ili mpiga picha apime mwanga na kuiweka lenzi sawa. Kila alfajiri aliyesimama hapo alikuwa mfugaji. Sogea alimpiga picha tano, sita, pengine kumi, kisha akampungia mkono asogee. Swala akatoka, akapigwa. Jioni, kadi ya kamera ilipotaka nafasi, Sogea alizifuta zote za kupimia akabaki na za swala. Lakini mfugaji yeye alichokijua ni kwamba kamera imelia mbele ya uso wake, asubuhi baada ya asubuhi, miaka kumi na tisa. Kwa nini asiamini kwamba kuna nyumba mjini iliyojaa picha zake?

Siku tatu Sogea alitafuta. Chumba chake cha kazi ndicho kilichokuwa chumba cha wageni, basi kitanda cha wageni kikafunikwa na maboksi, bahasha na kadi, na kompyuta ikachemka kama pasi. Aliona mafunjo, ukungu, korongo, swala wa kila umri. Katika kila picha alikumbuka mfugaji alikuwa amesimama wapi: hatua mbili nje ya ukingo, upande huu wa kushoto, nyuma ya kichuguu hiki. Ndani hakuwemo. Alikuwa amemgeuza mtu mkweli kuwa muongo mbele ya mkewe, na mwenyewe hayupo tena kujitetea.

"Mwambie ukweli," mkewe alisema siku ya Alhamisi, amesimama mlangoni na nguo alizotoka kuzianua.

"Namwambiaje mtu kwamba mumewe nilimfuta?"

Mkewe alikuwa nesi mstaafu, hakuwa mtu wa kukurupuka na jibu. Alikunja shati moja, akakunja la pili.

"Ule mkoba wa kamera wa mwaka uliougua, umeuangalia?"

Mkoba huo hakuna aliyekuwa ameugusa. Mwaka ule homa ilimwangusha Sogea kinamasini alfajiri, siku ambayo swala alichelewa kutokea. Mfugaji alimpakia kwenye baiskeli, akamfunga kwa shuka asidondoke, akaisukuma baiskeli mpaka zahanati, wakafika jua likiwa utosini. Sogea alipona, akanunua kamera nyingine, na mkoba ukabaki juu ya kabati na matope yake. Jioni ya siku ile hakufuta kitu. Hakujua hata kama ni jioni.

Kadi ilikuwa ndani. Picha arobaini na moja, swala hata mmoja hamna. Katika zile za mwanzo mfugaji amesimama wima, mikono nyuma, mtu yuko kazini. Halafu anapiga miayo. Halafu ameinama anajifanya anakula majani. Halafu ameweka vidole viwili kichwani kuwa pembe, anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana, na jua la kwanza limempata usoni. Sogea alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaishukuru ile homa kwa sauti, mpaka mkewe akaja kumshika paji la uso.

Ijumaa alizichapisha, Jumamosi akazipeleka zote. Mjane alizipanga mkekani moja moja mpaka akaifikia ile ya pembe.

"Hiyo usiichukulie vibaya, shemeji," Sogea akasema.

"Niichukulie vibaya? Si ndivyo alivyokuwa akiingia nyumbani." Aliishika kwa mikono miwili. "Kumbe alikuwa anasema kweli." Akaichunguza tena, kisha akainua macho. "Na nyingine? Alisema ni miaka yote."

Maji, panya, wezi, kompyuta mbovu: visingizio vyote vilimjia Sogea kwa foleni. Akaviacha vipite.

"Nilizifuta, shemeji. Kila jioni. Nilikuwa nataka nafasi ya swala. Nisamehe."

Mjane alizitazama zile picha mkekani.

"Mimi nilimwita muongo miaka kumi na tisa," akasema. "Wewe ukamfuta miaka hiyohiyo. Na yeye kila alfajiri anaamka anakufuata, na kila jioni anarudi kwangu anacheka." Akajisogeza, akampisha nafasi mkekani. "Kaa hapa, shemeji. Anza na hii ya kwanza. Alikuwa anasema nini hapa?"