Jina la Osewe katika Wimbo wa Daisy

Kwa likizo moja ya Agosti na sehemu ya muhula uliofuata, Daisy Aluoch alikuwa msanii anayejulikana. Alikuwa na miaka kumi na sita. Wimbo wake, "Sikanyagi Matope", ulisikika Kibera, Nairobi, kwa vinyozi wa Lindi, kwenye maduka ya simu ya Makina na hatimaye ng'ambo ya Ngong Road, Kawangware, ulikorekodiwa. Sasa yuko kidato cha tatu na haimbi, hata kanisani.

Wimbo wenyewe unamhusu msichana anayevuka Soweto West baada ya mvua akiwa amevaa viatu vyeupe. Watu hawakumbuki viatu. Wanakumbuka jina la mwanamume linalorudi baada ya kila ubeti: Osewe, Osewe, Osewe wa Lindi. Ulikuwa mwito mzuri, wa kushika kichwani. Baada ya wiki chache watu wakaacha kuuimba na kuanza kuuliza Osewe ni nani.

Osewe hajifichi. Anauza chipsi Lindi, ana mke anayeitwa Angeline na watoto watatu. Siku Daisy alipokwenda kurekodi alipitia kibandani kwake. Osewe akamfungia chipsi, akakataa malipo, akamwambia akishakuwa staa asiwasahau. Ndivyo alivyoeleza Daisy, na ndivyo alivyoeleza Osewe. Maelezo yao yalilingana neno kwa neno, na kwa wengi huko kulingana ndiko kulikotia shaka. Watu wawili wasio na la kuficha, walisema, hawakumbuki jambo kwa namna moja.

Ukweli wa jinsi jina lilivyoingia katika wimbo haukuwavutia wengi. Daisy alijifunza kuimba kwa mjomba wake, Jeconia, mpiga gitaa wa baa na harusi. Katika muziki wa Waluo kuna desturi iitwayo pakruok: mwimbaji hukatiza wimbo kidogo, ngoma ikiendelea chini kwa chini, akawataja na kuwasifu waliomtendea wema. Atajwaye hujisikia mkubwa kwa dakika moja, kisha wimbo huendelea. Daisy alipofika katikati ya wimbo wake na kukuta nafasi isiyo na maneno, alifanya alichozoea. Akataja watu.

Muia, mwenye studio, ni mtu wa Machakos. Studio yake ni chumba cha kupanga Kawangware, kuta zimefunikwa mablanketi na trei za mayai. Hakuijua desturi hiyo. Alidhani msichana anacheza. Lakini jina moja lilimpendeza sikioni. Osewe, anasema, ni silabi tatu zilizo wazi, na zilikaa juu ya ngoma kana kwamba zilipimwa. Akalikata, akalirudia, akalifanya kiitikio. Majina mengine akayaacha. Daisy alipotumiwa wimbo alicheka na kufurahi. Kwake ilikuwa shukrani, ila imepazwa sauti.

Lindi ilisikia kitu kingine. Msichana wa shule anaimba jina la mtu mzima mwenye mke. Basi mtu huyo ndiye anayelipia studio, na watu wazima hawalipii mtoto wa wenyewe bure. Mwanzoni Osewe aliufurahia umaarufu. Vijana walikuja kununua wakimwita kwa sauti ya wimbo: "Niaje Osewe wa Lindi, tuwekee chipo ya staa." Kisha Angeline akaja kukaa kibandani. Hakuuza chochote. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akiangalia nani anamsalimia mumewe na kwa macho gani. Daisy akaanza kuzunguka kupitia njia nyingine, na waliomwona akizunguka wakalitaja hilo pia.

Mama yake, Seline, huuza nguo za watoto za mitumba sokoni Toi. Wimbo aliusikia kwenye simu ya mteja, aliyeshika sweta mkononi na kumuuliza, "Si huyu ni msichana wako? Na huyu Osewe, ni mkwe ama?" Seline alicheka pamoja naye na kumpunguzia bei. Nyumbani hakuuliza lolote. Aliwauliza majirani Daisy alitoka saa ngapi. Alikagua simu yake. Wiki iliyofuata akatangaza uamuzi: shule zikifungwa, Daisy atakwenda kijijini Ugenya kwa nyanya yake na kusomea huko. Onyesho la vijana la Desemba, ambalo Daisy alikuwa amealikwa kuimba katika ukumbi mmoja wa Kawangware, lisahauliwe.

Muia alijaribu kusaidia. Bila kumuuliza mtu, alitoa toleo jipya la wimbo ambamo jina limeondolewa na mahali pake pana mluzi. Alitarajia maneno yaishe. Yakaongezeka. Sasa ilisemwa kwamba Osewe amelipa atolewe. Kinyozi mmoja wa Makina aliwapa wateja wake hukumu ambayo ilizunguka Kibera nzima: "Mtu hana makosa, wanamfuta ya nini?"

Daisy akabakiwa na njia moja. Alimwambia mama yake kwamba rekodi ya kwanza, kabla haijakatwa, ipo, na akiisikia atajua. Seline alikubali, lakini hakutaka itumwe kwa simu. Kitu kikishatumwa, alisema, kimeshapikwa. Jumapili baada ya ibada walivuka Ngong Road kwa miguu mpaka Kawangware, mama mbele, mwana nyuma.

Muia alimpa Seline kiti cha plastiki na kuicheza. Sauti ya Daisy ilitoka kavu, bila ngoma. Iliimba beti mbili, ikanyamaza, ikaanza kutaja. Osewe wa Lindi, aliyenilisha leo nikiwa sijala tangu jana. Nzembi jirani yetu, aliyeniazima viatu. Mjomba Jeconia. Na Seline nyar Ugenya, binti wa Ugenya, mama yangu, hakuna kama yeye.

Muia alitabasamu. "Umeona, mathe? Ni shukrani tu."

Seline aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Kisha akamgeukia binti yake.

"Nani alikuambia umtangulize huyo?"

"Hakuna, mama. Ilitoka tu."

"Jeconia hakukufunza? Anayetangulia ndiye aliyetoa kubwa."

"Alinifunza."

"Na mimi ni wa mwisho."

Daisy akasema polepole, "Siku hiyo hatukuwa na kitu kwa nyumba. Yeye ndiye alitoa."

Muia anasema Seline hakukasirika. Alimwamini, ilionekana usoni. Aliuliza kama rekodi hiyo iko kwa mtu mwingine yeyote. Muia akasema haiko, na akapendekeza waitoe wote waisikie, kwa sababu ingemsafisha Daisy, na Osewe, na hata yeye mwenyewe. Seline alisema watu wa Lindi wakijua binti yake hakuwa na mume wa mtu, watajua pia kwamba alilala njaa nyumbani kwa mama yake, na hilo nalo wataliimba. Alikaa akitazama mikono yake.

Muia alimwangalia Daisy.

"Futa," Daisy akasema.

Akaifuta wakiwa hapohapo. Daisy hakupelekwa Ugenya, na Desemba hakwenda ukumbini; alisema hawezi kusimama mbele ya watu wanaongoja ataje nani. Seline hamchunguzi tena. Angeline bado anakaa kibandani. Wanunuzi bado wanamuuliza Osewe, kwa utani usio utani, kama ni kweli alimlipa yule msichana anyamaze, na kila anapokana wanatazamana.